Kabla hujavua viatu ufukweni, muulize anayechota maji

MSOMAJI wangu, kama unaishi Mwanza unajua tabia yetu. Ziwa tunaliona kila siku. Tunalipita asubuhi kwenda kazini, tunalipita jioni tukirudi, wageni wakija tunawapeleka kupiga picha na Jiwe la Bismarck, na sato wake tunamla bila kuacha hata kichwa. Lakini tuulize ni lini mara ya mwisho watoto wetu walikanyaga mchanga wake. Wengi tutaanza kuhesabu kwa miaka.

Mimi ni mmoja wao, na sababu zangu nitazieleza mbele kidogo.

Likizo hii ya Juni binti yangu mkubwa, aliye kidato cha pili, alinijia jikoni na simu yangu mkononi. Ilikuwa picha ya ufukwe wa visiwa vya Karibi: mchanga mweupe kama unga wa sembe, maji ya rangi ya feruzi, mnazi umeinama, hakuna mtu. Akasema, "Mama, wenzetu wanasimamisha gari tu njiani na kukuta hivi. Sisi tuna nini?"

Nikamjibu kwa haraka kwamba sisi tuna ziwa. Akaniangalia kama wanavyoangalia watoto wa umri ule, akasema, "Ziwa ambalo hujawahi kuturuhusu kuligusa."

Hapo sikuwa na jibu. Nikaendelea kukatakata vitunguu.

Bahati ikawa kwamba wiki ileile tulikuwa na safari. Mama mkwe wangu, Bibi wa watoto, alikuwa amekaa kwetu miezi minne baada ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Daktari ameshamruhusu, macho yanaona, na moyo wake ulikuwa umeshavuka kwenda Ukerewe zamani. Njia ya kawaida ya kwenda Ukerewe kutoka Mwanza ni meli hadi Nansio, saa chache tu, umefika. Bibi hapandi. Ndugu yake alikuwa ndani ya MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, karibu kabisa na kufika hapa Mwanza, na tangu siku hiyo meli kubwa kwake ni jambo ambalo halijadiliwi. Kwa hiyo anapokuja na anapoondoka hupita barabarani: Magu, Lamadi, Bunda, halafu unakunja kushoto hadi Kisorya, unavuka kwa kivuko kipande kifupi hadi Rugezi. Kivuko anakikubali kwa sababu, anasema, ng'ambo unaiona.

Mume wangu akasema, basi safari hii tusikimbize gari. Tutafute ufukwe njiani, watoto wakae saa mbili, tatu, ndipo tuendelee. Bibi akaunga mkono. Mimi nikanyamaza, na nyumbani kwetu kunyamaza kwangu kunahesabiwa kuwa kura ya ndiyo.

Tuliondoka saa 11 alfajiri. Ukiwa na watoto usiamini mtu anayekuambia mtatoka saa 2 mkiwa mmeshakunywa chai. Chai ilikuwa ndani ya chupa, viazi vitamu vimechemshwa usiku, na Bibi alikuwa na kifuko chake cha matobolwa ambacho hakumpa mtu hadi tulipopita Kisesa. Kutoka Mwanza hadi Bunda ni kama kilomita 150 za lami, lakini usizihesabu kwa mwendo wa lami; matuta na vibao vya 50 vimejaa kila kijiji, na askari wapo pale unapodhani hawapo. Zihesabu kuwa saa tatu.

Sasa nikiri kosa letu la kwanza, maana huenda wewe pia ungelifanya.

Tukiwa bado hatujafika Bunda, mume wangu aliona njia ya mchanga inashuka kuelekea ziwani. Tukaifuata. Kule chini palikuwa pazuri ajabu. Hakuna mtu, hakuna mtumbwi, hakuna hata nyayo. Maji yametulia kabisa, matete yamesimama pembeni kama uzio, ndege weupe juu yake. Binti yangu akatoa simu. Mtoto wa pili, wa kiume, miaka tisa, hakungoja ruhusa ya mtu. Nilipogeuka kumteremsha kitindamimba, mwenzake alikuwa tayari maji yako magotini.

Kijana mmoja alikuwa anapita juu kule na baiskeli yenye madumu. Akaiacha ianguke, akapiga kelele, "Mtoeni mtoto hapo! Mtoeni!" Sikumbuki nilivyofika majini. Nakumbuka tu nimemshika mwanangu kwapani na viatu vyangu vimejaa tope. Kijana akateremka, akatusalimu kwa heshima, akatueleza kwamba pale pana mdomo wa kijito nyuma ya yale matete, na mamba amekwishachukua mbuzi wawili waliokwenda kunywa. Watu wa pale hawachoti maji upande huo. Ndiyo maana hapakuwa na nyayo.

Nimelifikiria sana jambo hili baadaye. Sisi watu wa mjini tunapotafuta mahali tulivu, tunatafuta mahali pasipo watu. Lakini kando ya ziwa ambako kila mtu anahitaji maji, samaki na pa kufulia, mahali pasipo watu pana sababu. Ukikuta ufukwe mtupu, kabla hujafurahi jiulize kwa nini wenyeji wameuacha.

Na kipande kile cha barabara, kati ya Lamadi na Bunda, kina sababu zake za ziada. Hapo Hifadhi ya Serengeti inakaribia kabisa ziwa, upande wa lango la Ndabaka, na mito ya Mbalageti na Grumeti inamwaga maji yake Ghuba ya Speke. Mamba wa Grumeti ni maarufu duniani kwa ukubwa. Viboko nao hutoka majini jioni kwenda malishoni. Usimamishe gari pale kutafuta pa kuogelea. Simama kununua tikitimaji, endelea.

Tulirudi garini kimya. Nilitaka kusema "nilijua", lakini Bibi aliyekaa mbele alinitangulia. "Mama, huo haukuwa ufukwe," akaniambia. "Ule ulikuwa mlango wa mto. Twendeni, nitawaonyesha."

Kumbuka huyu ni mtu ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa anaona ukungu tu. Tulipokunja kutoka Bunda na ghuba ikaanza kuonekana upande wa kushoto, alishusha kioo na kuitazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Hivi maji yamekuwa ya kijani, au ni macho haya mapya?" Mume wangu akamwambia si macho. Mbolea, maji machafu ya miji na udongo unaosombwa na mvua vimelirutubisha ziwa kupita kiasi, na mwani umeongezeka. Bibi akaanza kuhesabu samaki wa utotoni mwake, aina za furu ambazo sisi hatuzijui hata majina, waliopungua sana baada ya sangara kupandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 na kuzagaa miaka ya 1980. Mtoto wa tisa akamuuliza kama sangara ni mbaya. "Si mbaya," Bibi akasema, "ana njaa tu."

Kipande cha Bulamba hadi Kisorya sasa ni lami, kilomita 51, na njia ni nzuri. Bibi alikataa fukwe tatu akiwa ameketi garini. Ya kwanza ilikuwa na matete na gugumaji. Ya pili ilikuwa mwalo wenyewe, mitumbwi imepangwa, matumbo ya samaki yametupwa ukingoni. Hapo alisema mamba huja kufuata harufu, na kwa kuwa vyoo ni haba, watu hujisaidia vichakani na mvua husomba yote. Ya tatu ilikuwa na ng'ombe wanakunywa maji. Mimi ningesimama kwenye ile ya tatu. Ilikuwa na kivuli.

Ya nne alisema, "Hapa tuulize."

Angalia neno hilo: tuulize. Palikuwa na mchanga mpana, mawimbi madogo yanapiga moja kwa moja, hakuna majani majini, na kama hatua 200 mbele akina mama walikuwa wanaanika dagaa. Bibi alishuka na fimbo yake, akawasalimu kwa Kikerewe, wakamjibu kwa Kijita, wakacheka, wakaelewana. Ilichukua muda. Mume wangu alitaka kuanza kushusha mkeka nikamzuia. Mmoja wa wale mama ndiye aliyekuwa akichota maji pale kila siku, na huyo ndiye Bibi alimhoji kama hakimu: mamba ameonekana lini mara ya mwisho, wapi, watoto wenu wanaogea upande gani, chini kuna mawe au kuna shimo, upepo unaanza saa ngapi. Kisha akamtuma kijana kwa mwenyekiti wa kitongoji kusema kuna wageni, wanakaa hadi mchana, wanaondoka na taka zao.

Wengine watasema hiyo ni kujisumbua, maana sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo ufukwe si wa mtu. Sawa, si wa mtu. Lakini watu wanaoishi pale ndio watakaokuja kukusaidia ukipiga kelele. Salamu ile haikutugharimu chochote. Tulinunua dagaa wa kutosha mwezi mzima, na hiyo ilitosha kuwa shukrani.

Jina la ufukwe ule sitaliandika. Yule mama aliniomba hivyo, kwa maana wageni wengine walikuja na spika kubwa wakaacha chupa. Ukipita njia ile na ukauliza kama alivyouliza Bibi, utaupata huo au mwenzake. Wasioweza kwenda mbali wanazo Igombe, Kayenze au Luchelele, na waliovuka Ukerewe wana mchanga wa Rubya, kwenye shamba la miti. Kote huko maswali ni yaleyale.

Sasa nije kwenye hofu yangu, ambayo si mamba.

Nilipokuwa mtoto nilikulia kando ya ziwa hili, na nikiwa darasa la sita niliugua tumbo miezi mingi. Kinyesi kilikuwa na damu nikaona aibu kusema. Nyumbani walidhani kichocho ni kukojoa damu tu. Hicho kipo, zaidi kwenye mabwawa na madimbwi ya bara kidogo. Lakini kichocho cha kando ya ziwa letu kwa kawaida ni cha tumbo. Kikiachwa miaka kinaharibu ini, tumbo linajaa maji, mtu anatapika damu. Nilitibiwa nikapona. Jirani yetu tuliyekuwa tukioga naye hakupata bahati hiyo, alikufa akiwa kijana na tumbo lake limejaa. Hiyo ndiyo sababu watoto wangu wameishi kilomita tatu kutoka ziwani bila kuligusa. Sikuwahi kuwaeleza. Niliwaambia tu "maji machafu", na mtoto ukimwambia maji machafu anayaona yanang'aa, anajua unamdanganya.

Basi siku ile, kwenye mkeka, kabla ya mtu kuvua kiatu, niliwaeleza. Mtu mwenye ugonjwa akijisaidia karibu na maji, mayai hufika ziwani na kuanguliwa. Vijidudu vinaingia ndani ya konokono wadogo, vinazaliana humo kwa wiki kadhaa, halafu vinatoka maelfu kwa maelfu kuogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Havihitaji kidonda wala kunywa maji. Vinapenya ngozi nzima ndani ya dakika chache. Konokono huviachia zaidi jua likiwa kali, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana hivi, na visipompata mtu hufa ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana maji ya ziwa yaliyolala siku mbili kwenye pipa lililofunikwa, bila konokono ndani, hayakupi kichocho ukiyaoga, ingawa kwa kunywa bado yachemshe.

Konokono hao wanapenda majani na maji yaliyotulia, kwa hiyo mchanga wenye mawimbi ni afadhali kuliko matete. Nimesema afadhali. Katika ziwa letu wapo hata konokono wanaoishi kwenye mchanga wa chini, maji ya kina. Anayekuambia ufukwe wake hauna kichocho kabisa, mwambie asante, usimwamini. Na kujikausha kwa taulo kwa nguvu, jambo ambalo wengi wetu tunalitegemea, huenda kukasaidia kidogo, lakini si kinga.

Binti yangu alisikiliza yote. Kisha akauliza swali la kweli: "Na kule Karibi?"

Maji yale ni ya bahari, na konokono hawa hawaishi kwenye chumvi. Lakini nilimwambia jambo ambalo nilidhani litamchosha, kumbe lilimshika: kichocho cha tumbo kilifika visiwa vile kikiwa ndani ya miili ya Waafrika waliopelekwa utumwani. Mito ya St. Lucia na Puerto Rico ilikuwa nacho hadi karne iliyopita, wakakipunguza kwa dawa, mabomba ya maji na kupambana na konokono. Na ule mchanga mweupe ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Wetu ni wa mawe haya haya ya Mwanza, mawe ya matale, ndiyo maana una chembe kubwa na unang'aa. Akauchukua mkononi akauangalia.

Halafu wote wakanigeukia. Mimi ndiye wa kuamua.

Wataalamu wa afya wanachoshauri ni rahisi: usiingie kwenye maji baridi ya eneo lenye kichocho. Siwezi kukuandikia kinyume cha hapo, na kama mtoto wako ni mdogo, mchanga, ndoo na maji ya dumu mliyokuja nayo yanatosha kabisa. Kitindamimba wetu, miaka mitatu, alicheza hivyo saa mbili na hakujua kama kuna kingine. Lakini nilikuwa na binti wa miaka 15 anayeishi katika mji wa ziwa, atakayepanda vivuko na mitumbwi maisha yake yote, na asiyejua hata kulala juu ya maji. Nilifikiria MV Bukoba. Nilifikiria MV Nyerere, Septemba 20, 2018, pale Ukara, karibu na kwa Bibi, zaidi ya watu 200. Kichocho kina dawa, na dawa hiyo, praziquantel, ninaijua, watoto wanapewa shuleni baada ya kupimwa urefu kwa fimbo. Kuzama hakuna dawa.

Nikasema: wawili wakubwa, dakika 20, sasa hivi, maana ilikuwa bado saa 3 asubuhi. Sijui kama ungeamua hivyo. Mume wangu mwenyewe alinyanyua nyusi.

Tulikuwa na utaratibu, nao naupendekeza kwa nguvu zote hata kama mnaogelea kwenye bwawa la hoteli. Mtu mzima mmoja ni mlinzi. Anavaa kofia nyekundu, simu yake iko ndani ya mfuko wa mwenzake, haandai chakula, hapigi picha, hapokei salamu. Anatazama maji tu. Baada ya robo saa anakabidhi kofia kwa mwingine kwa maneno, "Sasa ni wewe." Sababu ni kwamba mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono kama kwenye sinema. Anazama kimya, mdomo ukiwa usawa wa maji, na familia nzima imeketi hatua kumi, kila mmoja akidhani mwingine anaangalia.

Mume wangu aliingia kwanza na fimbo ya Bibi, akapima chini hadi kifuani, akachora mstari mchangani: msivuke upande huu wala ule. Boya la plastiki tulilokuja nalo liliachwa garini kwa amri ya yule mama wa dagaa. Asubuhi, alisema, upepo bado unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na kitu chochote kinachoelea unakiaga. Baadaye jua likipasha nchi upepo hugeuka na kuja kwetu na mawimbi yanakua. Wavuvi wanaishi kwa saa hiyo ya upepo, sisi tulikuwa hatuijui.

Nilikuwa nimevaa kofia nyekundu nilipomwona Bibi anafunga khanga vizuri kiunoni. Nikaita, "Mama, macho!" Akasema macho yake yatabaki juu, miguu haijafanyiwa upasuaji. Akaingia hadi magotini, kisha kiunoni, mwanamke ambaye miaka mingi hajakubali kupanda meli. Akamwita mjukuu wake, akaweka mkono chini ya mgongo wake, akamwambia, "Lala. Usipigane nayo. Masikio yazame, usiyaogope."

Binti yangu alikaza mwili kama ubao na akazama mara ya kwanza, akatoka anakohoa. Nilisimama. Bibi hakunitazama hata kidogo. Mara ya pili. Mara ya tatu alilala, na Bibi akauondoa mkono taratibu bila kusema. Kwa muda wa kama kuhesabu hadi kumi, binti yangu alikuwa amelala juu ya Ziwa Victoria, uso umetazama mbingu, na hakujua kwamba hajashikwa.

Sina picha yake. Nilikuwa mlinzi.

Dakika 20 zilipoisha walitoka, wakakaushwa, wakabadilisha nguo. Tulikula viazi, sato wa kukaanga kutoka kwa wale mama, na matobolwa ambayo hatimaye yaligawiwa. Bibi aliwasimulia watoto habari za Ukerewe wakati njia ya kwenda Nansio ilikuwa kasia. Kufikia saa 5 upepo ulikuwa umegeuka kama tulivyoambiwa, mawimbi yana povu, na watoto wa kijiji walikuwa wametoka majini wenyewe. Tukaokota taka zetu, na kidogo zisizo zetu, tukaondoka.

Kisorya tulisubiri kivuko karibu saa moja. Zamani nilikuwa nalalamikia kusubiri. Lakini tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, kama kilomita tatu juu ya maji, nimegundua kwamba ile foleni ya kivuko ndiyo ilikuwa mapumziko ya watoto wetu kila tulipokwenda Sengerema na Geita. Sasa unapita kwa dakika chache, umefika, na mtoto hajanyoosha mguu. Daraja nalishukuru, ila pumziko sasa itabidi tulipange wenyewe.

Kwenye kivuko Bibi alishuka garini, jambo ambalo mume wangu anasema hajawahi kuliona. Alisimama kwenye ukingo akishika chuma, akitazama. Binti yangu alikwenda kusimama karibu naye. Walichozungumza sikukisikia, injini zilikuwa na kelele.

Yamebaki mambo mawili. Usiku ule mtoto wa tisa alijikuna miguu, vipele vidogo, vikapotea kesho yake. Huenda ni mbu wa Ukerewe, huenda ni hicho nilichokieleza. Usikimbilie dukani kununua dawa siku hiyohiyo. Praziquantel huua minyoo iliyokomaa, michanga huiacha, kwa hiyo unasubiri wiki 6 hadi 8 tangu siku ya kuingia majini, unakwenda kituo cha afya, unaeleza wazi kwamba watoto waliingia ziwani, unapima choo, daktari anaamua kipimo cha dawa kwa uzito au urefu. Katikati akipata homa, kikohozi au tumbo la kuendesha lisiloeleweka, usisubiri wiki hizo. Nenda na useme neno "ziwa" mapema. Nimezungushia tarehe mbili za Agosti kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu, moja kwa kila mtoto, na mimi nimejiongeza wa tatu, kwa sababu ya viatu vile vilivyojaa tope.

La pili ni kwamba binti amepata mwalimu wa kuogelea, kwenye bwawa, Jumamosi asubuhi. Ada yake imenifanya niangalie upya bajeti ya mwezi. Wiki ijayo nitawaeleza tulichokipunguza.